Mjumbe Hauawi: Viongozi wa Dini, Mateka na Usalama wa Taifa Wakati wa Vita

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Ni methali fupi, na kama zilivyo methali nyingi fupi, imenyamazia mengi. Haikusema kwamba mjumbe hapekuliwi. Haikusema kama anaruhusiwa kuhesabu mikuki aliyoiona katika kambi ya adui, wala kama akirudi kwao yampasa amweleze jemadari wake hesabu hiyo. Wala haikusema mjumbe huyo ametumwa kumwombea nani. Mambo hayo ndiyo nitakayoyazungumza katika insha hii, nikimtazama mjumbe wa namna moja tu: kasisi, shehe, mchungaji au mtawa aendaye kati ya majeshi mawili kuomba mateka waachiliwe au wabadilishwe.

Sisi wenyeji wa Ufipa tunayo sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Mtu akisimama juu ya ukingo wa Lyambalyamfipa na kuelekeza uso wake mashariki, huliona Bonde la Rukwa limetandazwa chini yake, na ndani yake Milepa na vijiji vingine vya bondeni vilivyozungukwa na mashamba na malisho. Akigeuka magharibi na kuivuka nyanda yetu ya juu, atafika Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa hilo ni Kongo. Akishika njia ya kusini ataingia Zambia. Hii ni nchi ya mpakani, na mpakani vita haviwi habari ya kusimuliwa kutoka mbali.

Ilipozuka Vita Kuu ya mwaka 1914, ziwa hilo likawa uwanja wa uadui kati ya Wajerumani waliotawala upande huu na Wabelgiji waliotawala ng'ambo, na kusini walikuwapo Waingereza. Lakini misheni za nchi hii hazikufuata mipaka hiyo hata kidogo. Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868, walikuwa wamekabidhiwa kituo cha Karema mwaka 1885, na nyumba zao zilienea pande zote za ziwa. Ndani ya shirika moja walikuwamo Wafaransa, Wajerumani na Waholanzi, wakila meza moja na kusali kitabu kimoja. Askofu wao wa huku, Adolphe Lechaptois, alikuwa Mfaransa. Basi tazama hali hiyo: Mfaransa anaongoza kanisa chini ya bendera ya Ujerumani, ilhali Ufaransa na Ujerumani zinachinjana huko Ulaya, naye anakaa kando ya ziwa ambalo ng'ambo yake ni jeshi la Wabelgiji, rafiki wa Wafaransa. Alifariki Karema mwaka 1917, baada ya utawala wa Wajerumani kuondolewa hapo. Ofisa yeyote wa usalama, awe wa zama zile au wa zama zetu, angemtazama askofu wa namna hiyo kwa jicho la pembeni. Wala nisingemlaumu.

Nasema nisingemlaumu kwa kuwa wako watu wanaodhani kila serikali inayomshuku kiongozi wa dini wakati wa vita ni serikali dhalimu. Sivyo. Kasisi huingia mahali ambapo askari haingii. Hujua nani mgonjwa, nani amekimbia, nani amerudi usiku. Huaminiwa na mama aliyemficha mwanawe mtoro, na huaminiwa pia na ofisa anayemtafuta mtoro huyo. Hupokea barua kutoka nchi za mbali kwa lugha asizozijua mkuu wa kituo. Maadam taifa lina wajibu wa kuwalinda watu wake, haliwezi kufumba macho mbele ya mtu mwenye njia nyingi kiasi hicho. Swali si kama taifa lina haki ya kumwangalia. Swali ni haki hiyo inaishia wapi.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika kazi ya serikali, nilikaa Milepa siku chache. Jioni moja wazee na vijana walikuwa wakizungumza habari za vita vya Kongo walizozisikia redioni. Kijana mmoja wa sekondari akauliza: ikiwa padre amekwenda kwa waasi kuomba mateka, akaona bunduki zao na mahali walipolala, kisha akarudi asiseme neno, je, huyo si msaliti? Watu wakanyamaza, maana lilikuwa swali la haki. Mzee mmoja aliyekuwa akisokota kamba hakuinua hata uso. Alimjibu kwa swali lingine: "Na ukimfanya padre kuwa mpelelezi, mjukuu wangu, siku utakapotekwa wewe tutamtuma nani?"

Tangu siku hiyo nimeyaweka maswali hayo mawili pamoja, na sijaona kama moja linalifuta jingine.

Kazi ya kuwakomboa mateka ni kongwe katika dini zote mbili kubwa za nchi yetu. Mwaka 1198 lilianzishwa shirika la Watrinitari, kazi yake ikiwa kukusanya fedha za kuwakomboa Wakristo waliotekwa katika vita vya Bahari ya Kati. Na mwaka 1218 huko Barcelona likaanzishwa shirika la Mersedari ambalo watawa wake, juu ya nadhiri tatu za kawaida, waliweka ya nne: kujitoa wenyewe kuwa rehani ikiwa fedha hazikutosha. Katika Uislamu, Sura ya 47 ya Kurani yaelekeza kwamba mateka, vita vikiisha, waachiliwe kwa hisani au kwa fidia. Na mapokeo yasimulia kwamba baada ya vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, mateka waliojua kusoma na kuandika lakini hawakuwa na mali walikubaliwa kujikomboa kwa kuwafundisha watoto kumi wa Madina. Walimu watakaoisoma insha hii wataona kwamba hiyo ndiyo fidia iliyomtajirisha mpokeaji bila kumfilisi mtoaji. Na katika zama zetu Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949 ukaweka sheria kwamba kasisi wa jeshi akiangukia mikononi mwa adui hahesabiwi kuwa mfungwa wa vita. Aweza kuzuiliwa kwa ajili ya kuwahudumia mateka wenzake, lakini apewe njia ya kuwafikia.

Sheria na nadhiri ni nzuri, walakini mambo hujulikana yakitendwa. Na kwetu yalitendwa mapema.

Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka kupinga Kampuni ya Wajerumani iliyojitwalia nchi yao, na mmoja wa viongozi wao mashuhuri alikuwa Bushiri bin Salim wa Pangani. Januari 1889 wapiganaji waliishambulia misheni ya Wabenediktini wa Kijerumani huko Pugu. Baadhi ya wamisionari waliuawa, na wengine wakachukuliwa mateka. Serikali ya Ujerumani haikuwa na njia ya kuwafikia isipokuwa kwa risasi, na risasi isingewarudisha wakiwa hai. Aliyekuwa na njia ni Padre Étienne Baur wa shirika la Roho Mtakatifu, mkuu wa misheni ya Bagamoyo iliyoanzishwa mwaka 1868. Huyu hakuwa Mjerumani wa Kampuni. Alikuwa amekaa pwani miaka mingi, akijuana na watu wa mji, na misheni yake ilikuwa imewapokea maelfu ya wakimbizi wa vita hivyo, naye Bushiri aliiacha bila kuigusa. Padre huyo akawa msemaji kati ya pande mbili, na mateka wa Pugu wakaachiliwa kwa fidia.

Wengine watauliza, je, padre yule hakuwa upande wa wakoloni? Sitaki kumvika kilemba asichostahili. Wamisionari wa zama zile wengi waliufurahia utawala wa Kizungu, na baada ya miezi michache Wissmann alikuja na jeshi lake, na mwezi wa Desemba mwaka huohuo Bushiri akanyongwa Pangani. Misheni haikumwokoa. Hata hivyo, pana jambo moja ambalo haifai tulipite. Bushiri, ambaye wakoloni walimwita haramia, aliitambua methali ya mjumbe. Alimruhusu mtu asiye na silaha aende na kurudi. Yeye ndiye aliyeiheshimu misheni iliyokuwa imejaa watu wasio na ulinzi, na katika historia ya vita hivyo heshima hiyo ni yake na si ya Wissmann.

Lakini waliotajwa katika mapatano yale walikuwa akina nani? Walikuwa Wazungu wa misheni. Watu wa Pugu waliokuwa wakiishi na kufanya kazi katika misheni hiyo, waliotawanyika siku ile ya Januari, hawakuzungumziwa kwa uzito uleule. Hapa ndipo ninapoiona kasoro itakayorudi tena na tena katika habari hizi.

Kasoro hiyo ilijitokeza wazi zaidi katika Vita Kuu. Januari 1915, katika mapigano ya Jasin karibu na mpaka wa Kenya, jeshi la von Lettow-Vorbeck liliwateka maofisa wa Kiingereza pamoja na askari wao Wahindi. Maofisa wawili walirudishiwa panga zao wakaachiliwa, baada ya kutoa ahadi kwamba hawatapigana tena katika vita hivyo. Vitabu vingi huisimulia habari hii kuwa mfano wa uungwana. Naam, ni uungwana. Askari Wahindi waliopigana bega kwa bega na maofisa hao walipelekwa kifungoni. Hakuna aliyewauliza kama wao nao wana neno la kuaminika.

Wakati huohuo wamisionari wa Kiingereza waliokuwa katika koloni la Wajerumani walikusanywa wakazuiliwa, kwanza sehemu mbalimbali za kati ya nchi na hatimaye wengi wao Tabora. Walidhalilishwa, wakala vibaya, wakafanyizwa kazi za aibu. Hayo yameandikwa sana, maana wao wenyewe walikuwa waandishi. Lakini pamoja nao walikamatwa makasisi na walimu Waafrika wa misheni zao, kutoka Usambara, Ugogo na kwingineko, wakishukiwa kuwa ni wapelelezi wa Waingereza. Hawa walitiwa minyororo, wakapigwa, na wengine hawakurudi makwao. Kosa lao lilikuwa nini? Kwamba walisoma katika shule za Waingereza, wakajua kuandika barua, na wakawaheshimu walimu wao. Majeshi ya Wabelgiji yalipoingia Tabora mwezi wa Septemba mwaka 1916, waliosalia walifunguliwa. Wazungu wale walikuwa na serikali yao huko London iliyouliza habari zao. Mwalimu wa kijiji cha Ugogo alikuwa na nani wa kuuliza habari zake? Serikali iliyomtawala ndiyo iliyomfunga, na ile iliyodaiwa kuwa anaipelelezea haikumjua kwa jina.

Itafaa hapa nimtaje Askofu Frank Weston wa Zanzibar, ingawa yeye hakuwa mjumbe wala mateka. Mwaka 1916 aliwakusanya wapagazi kwa ajili ya jeshi la Waingereza, akaenda nao bara yeye mwenyewe akiwa na cheo cha meja, akila walichokula na kutembea walipotembea, ili wasitendewe vibaya kama wapagazi wengine walivyotendewa. Wapagazi hao wa vita walikufa kwa makumi ya maelfu, na jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam ni ukumbusho wao. Namheshimu askofu yule kwa huruma yake. Lakini tangu siku alipokivaa cheo cha meja, mlango mmoja ulifungwa nyuma yake. Meja hawezi kwenda kwa adui na kusema, "Mimi sina upande." Huenda alijua hivyo akachagua. Kila kasisi anayevaa magwanda, hata kwa nia njema, achague akijua.

Vita vile vilikwisha mlangoni petu. Von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Kutoka hapo jeshi lake lilipitishwa Ufipa, likashuka Kasanga, iliyoitwa Bismarckburg na Wajerumani, likapandishwa meli hadi Kigoma na kisha garimoshi hadi Tabora. Hapo wakatenganishwa. Wajerumani waliendelea Dar es Salaam kungojea meli ya kwao. Askari Waafrika na wapagazi walibaki katika kambi ya Tabora, na homa kali ya mwaka ule ikawakumba na kuwaua wengi. Fikiri msafara ule ukishuka kwenda Kasanga: Wazungu 155, askari zaidi ya 1,100, na nyuma yao wapagazi na wanawake. Hesabu ya Wazungu hao huikuta ileile katika kila kitabu. Hesabu ya wapagazi hutofautiana kitabu na kitabu, kwa mamia na hata kwa elfu. Mtu asiyehesabiwa sawasawa hawezi kuombewa, kwa kuwa mwenye kumwomba hajui hata kwamba amekosekana.

Sasa nirudi kwa kijana wa Milepa na neno lake zito, usaliti. Neno hilo hutumiwa vibaya mara nyingi, na aliyetufundisha hatari yake kwa damu yake ni Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Mwezi Februari mwaka 1977 askari wa Idi Amin waliipekua nyumba yake usiku wakisema wanatafuta silaha. Maaskofu wakaandika barua ya kulalamikia mauaji na udhalimu uliokuwa ukitendwa nchini. Tarehe 16 ya mwezi huo aliitwa Kampala pamoja na viongozi wengine, silaha zikaonyeshwa hadharani, akatuhumiwa kuwa anashiriki njama ya kuipindua serikali. Hakutoka hai. Mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, waliuawa pamoja naye, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Huo haukuwa usalama wa taifa. Ulikuwa usalama wa mtu mmoja aliyelifanya taifa kuwa ngao yake. Hata miaka miwili haikutimia kabla majeshi yake hayajavuka mpaka na kuichukua sehemu ya Kagera, na Watanzania wakajua kwa gharama kubwa nani hasa alikuwa hatari kwa Waganda na majirani zao.

Lakini joho nalo lisifanywe kichaka. Huko Nyange, nchini Rwanda, mwezi Aprili 1994, watu waliokimbilia kanisani wakiamini kwamba kanisa ni kimbilio waliangamizwa, na jengo likaangushwa juu yao kwa tingatinga. Padre wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa iliyokaa kwetu Arusha, na mwaka 2008 hukumu yake ya rufani ikawa kifungo cha maisha. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaosema mtu wa dini asiulizwe jambo. Aulizwe. Asipekuliwe kwa dharau, lakini apekuliwe. Serikali ina haki ya kumnyima ruhusa ya kwenda upande wa pili, ina haki ya kumpangia siku na njia, ina haki ya kufungua mfuko wake ihakikishe kwamba hakubeba risasi wala dawa ya kuuza. Ikishamruhusu, haina haki ya kufuata nyayo zake.

Huu mpaka ulivunjwa kaskazini mwa Uganda. Huko viongozi wa dini wa Acholi, Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu, waliungana tangu miaka ya mwisho ya 1990 kutafuta amani kati ya serikali na waasi wa Joseph Kony, wakaenda porini kuonana na makamanda. Mwezi Agosti 2002, mapadre watatu walikuwa wakizungumza na waasi wilayani Kitgum, na jeshi la serikali likashambulia mahali hapo, likawakamata mapadre hao na kuwaweka kizuizini kabla ya kuwaachilia. Labda kamanda aliyetoa amri aliona amepata nafasi nzuri ya kijeshi. Nafasi hiyo aliipata mara moja. Baada ya hapo, mwasi gani angemngojea padre chini ya mti bila kujiuliza kama nyuma ya padre kuna bunduki? Na mtoto aliyetekwa, ambaye pengine angetolewa kwa mazungumzo ya mwezi uliofuata, alilipa gharama ya ushindi huo mdogo.

Basi je, padre anyamaze kwa yote aliyoyaona? Nadhani hapana. Idadi ya bunduki, jina la kamanda, kijito walichokunywa maji, hayo ayaache porini. Hakwenda kwa ajili hayo, na alipokelewa kwa ahadi kwamba hakwenda kwa ajili hayo. Lakini akijua kwamba usiku huu kijiji fulani kitachomwa, kunyamaza kwake ni kushiriki. Awaendee watu wa kijiji hicho awaambie wahame. Hapo hakumwonyesha mtu kambi, ila ameokoa roho. Najua kwamba katika saa ya hatari mstari huo ni mwembamba, na kwamba mwenye kuwahamisha watu huenda akawa amefichua siri bila kutaka. Afadhali alaumiwe na waasi kwa kuwaokoa wanakijiji kuliko kusifiwa na yeyote kwa kunyamaza.

Sasa nifike kwenye habari ninayoiona kubwa kuliko zote katika jambo hili, nayo ilitendwa na mwanamke.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba mwaka 1996, waasi wa Kony waliingia katika shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria huko Aboke, wakawachukua wanafunzi 139. Walikuwa wasichana wa sekondari, wa umri wa wengi watakaousoma ukurasa huu. Kulipopambazuka Sista Rachele Fassera, mtawa Mwitalia wa shule hiyo, aliondoka na mwalimu mmoja kijana, Bosco Ocen, wakafuata nyayo porini. Hawakuwa na silaha. Waliwafikia. Mtawa akamwomba kamanda wao awape watoto wote, akasema yuko tayari kubaki yeye badala yao. Ile nadhiri ya nne ya watawa wa Barcelona, iliyowekwa takriban miaka mia nane kabla, ilikuwa inatamkwa tena katika pori la Uganda. Kamanda hakuitaka nafsi ya mtawa. Alichukua kijiti akaandika ardhini hesabu yake: 139, kisha 109 atakaowatoa, na 30 atakaobaki nao.

Mwalimu wa hesabu angeisahihisha haraka, kwa kuwa ni kutoa tu. Lakini mtawa alikuwa amesimama mbele ya watoto anaowajua kwa majina. Mmoja wa wale thelathini alijipenyeza katika kundi lililoachiliwa, na Sista Rachele, kwa kuogopa kwamba kamanda akigundua atawazuia wote, ikambidi amwambie arudi. Msichana akarudi. Sijui neno la kulihukumu tendo hilo. Wako watakaosema mtawa alifanya biashara ya roho za watu. Mimi nasema biashara ilifanywa na yule mwenye kijiti, na mtawa alipewa bei ambayo hakuipanga. Alirudi na 109. Na hakukaa kimya: kwa miaka mingi aliendelea kuwatafuta wale thelathini, akienda hadi Sudan na kubisha hodi kwa wakuu wa dunia.

Hapo ndipo naona tofauti kati ya mtawa huyu na mapatano mengine niliyoyataja. Hakuomba Wazungu, wala watu wa shirika lake, wala Wakatoliki peke yao. Aliomba 139, na alipopewa 109 alibaki akihesabu 30. Ile haki ya pekee ambayo kiongozi wa dini anaidai vitani, ya kuvuka mstari asiouvuka mtu mwingine, hakupewa kwa ajili ya joho lake. Amekopeshwa kwa ajili ya yule asiye na serikali inayouliza habari zake. Akiitumia kuwatoa watu wake mwenyewe tu, hana tofauti kubwa na mfanyabiashara mwenye hati ya kusafiria.

Wazazi wa Aboke waliunda chama chao cha kudai watoto wote waliotekwa kaskazini mwa Uganda, si wa Aboke tu, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa mkunga, Mama Angelina Atyam, ambaye binti yake alikuwa miongoni mwa wale thelathini. Sauti yao ilisikika mbali, kiasi kwamba waasi walichukizwa. Wakamletea mama huyo ujumbe: anyamaze, naye atarudishiwa mwanawe. Hilo nalo ni badilishano la mateka, mtoto mmoja kwa ulimi wa mama mmoja. Halikuhusu bunduki wala siri za taifa. Mzazi yeyote aliye na haki ya kumlaumu kama angekubali, simjui.

Mama Atyam alijibu kwamba waachiliwe wote. Hawakuachiliwa, na mwanawe naye hakuachiliwa. Mwaka 1998 mama huyo alipokea tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, na binti yake alikuwa bado porini. Msichana huyo alitoroka mwenyewe mwaka 2004, baada ya karibu miaka minane.